JINSI MADAKTARI WANAVYOITAMBUA SARATANI



Katika somo letu la safari hii tutaangalia jambo linaloleta hofu na maneno mengi katika nyumba zetu, nalo ni namna madaktari wanavyofanya mpaka waweze kusema, "Huyu ana saratani," au, "Huyu hana." Watu wengi hudhani ya kwamba daktari hutazama uvimbe, akapiga picha moja, basi akajua. Ndiyo sababu mgonjwa anapoambiwa kuwa hana budi kukatwa kinyama kidogo ili kipelekwe maabara, hushtuka sana. Wengine huaga kana kwamba wanakwenda kuchukua nauli, wasirudi tena. Wakija kurudi, miezi imepita na uvimbe umekwisha kuwa kidonda.

Madhumuni ya somo hili ni kueleza kila kipimo kinajibu swali gani, ili tusiikatishe safari kabla hatujafika. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: karibu katika saratani zote, vipimo vingine vyote huleta mashaka tu, kinachothibitisha ni kutazama chembe za mwili chini ya hadubini.

1. Saratani ni nini?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai, ambazo siku hizi huitwa seli. Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, wanachuo walikuwa wakibandua utando mwembamba wa kitunguu na kuutazama kwa hadubini. Waliona vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa kama matofali ya ukuta. Mwili wetu pia umepangwa hivyo, ingawa chembe zake zina maumbo mengi: za ngozi ni mbali na za ini, na za ini ni mbali na za damu.

Chembe hizi hugawanyika. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, na zilizochakaa hufa. Katika mwili wenye afya kazi hii ina mpaka. Ukijikata kidole, chembe huongezeka mpaka kidonda kifunge, kisha huacha. Katika saratani, chembe fulani hupoteza mpaka huo. Huendelea kugawanyika bila sababu, huingia katika sehemu za jirani, na baadaye huweza kusafiri kwa njia ya damu au ya mitoki na kuota mahali pengine.

Mwaka 1858 daktari wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alitoa mihadhara iliyoeleza kwamba magonjwa yatafutwe ndani ya chembe zenyewe, na kwamba kila chembe hutokana na chembe nyingine. Kwa kuwa saratani ni ugonjwa wa chembe, yatupasa kuitafuta kwenye chembe. Jicho peke yake haliwezi kuzifikia.

2. Dalili huleta swali, si jibu

Safari huanza kwa mazungumzo. Daktari au mganga wa zahanati atauliza: Uvimbe ulianza lini? Unakua? Unakula vizuri? Umepungua uzito? Katika ukoo wenu kuna aliyeugua hivi? Kisha atapapasa tumbo, shingo, makwapa na sehemu inayosumbua. Tusione maswali hayo kuwa ni upelelezi. Mgonjwa anayeficha miezi minne na kusema wiki mbili anampoteza njia daktari wake.

Dalili zinazotupasa kwenda hospitali bila kungoja ni hizi:

(a) Uvimbe unaokua, hata kama hauumi. Wengi hungoja maumivu, lakini saratani nyingi haziumi mwanzoni.
(b) Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, au doa la ngozi linalobadilika. Ndugu zetu wenye ualbino wakaguliwe ngozi mara kwa mara, maana jua huwaumiza zaidi kuliko wengine.
(c) Kwa akina mama, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kwa uzee.
(d) Chakula kukwama wakati wa kumeza. Saratani ya umio ni ya kawaida katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na dalili hii isidharauliwe.
(e) Damu katika choo au katika mkojo, au kikohozi kisichokwisha.
(f) Kwa mtoto, mboni ya jicho kung'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, au uvimbe wa taya au wa tumbo.

Hata hivyo, tuelewe vizuri. Dalili hizi zote zinaweza kuletwa na magonjwa mengine. Uvimbe mwingi wa matiti, hasa kwa wasichana, si saratani. Mitoki ya shingo huweza kuvimba kwa kifua kikuu. Basi dalili isitufanye tulie msiba kabla ya wakati, wala isitufanye tukae nyumbani. Ituamshe kwenda kuuliza.

3. Kuwapima wasio na dalili

Viko vipimo vinavyofanywa kwa watu wazima wenye afya, kusudi ugonjwa ukamatwe ukiwa mchanga. Mfano bora ni kipimo cha mlango wa kizazi, kwa kuwa saratani ya mahali hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania.

Mtaalamu aliyevumbua njia ya kutazama chembe za mlango wa kizazi zilizokwanguliwa ni George Papanicolaou, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York. Kitabu chake kuhusu kipimo hicho, alichokiandika pamoja na daktari Herbert Traut, kilitoka mwaka 1943. Lakini kipimo hicho kinahitaji maabara na watu waliofunzwa kusoma chembe. Kwa hiyo katika vituo vyetu vingi hutumika njia nyepesi. Muuguzi hupaka siki dhaifu kwenye mlango wa kizazi na kungoja kama dakika moja. Sehemu yenye chembe zilizobadilika hugeuka nyeupe. Mara nyingi sehemu hiyo huweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa kwa baridi au kuunguzwa kwa joto, kabla haijawa saratani.

Njia mpya zaidi hutafuta kirusi kiitwacho HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba wanawake 70 katika kila 100 wapimwe kwa kipimo cha kuaminika wanapofika umri wa miaka 35, na tena wanapofika 45. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI huanza mapema zaidi na kupimwa mara nyingi zaidi.

Kupima huku ni kama kutumia chekecheke. Anayepepeta mchele hutenga punje zenye shaka, kisha huziangalia moja moja. Aliyeambiwa kwamba siki imegeuka nyeupe hajaambiwa ana saratani. Ametengwa tu ili aangaliwe vizuri zaidi, na asikimbie.

4. Picha zinaonyesha nini?

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale inayopenya mwili, nasi tukapata eksirei. Baadaye ikaja altrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya siti skani huko London, mashine inayoonyesha mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Waliofanikisha kazi hiyo, Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack mzaliwa wa Afrika ya Kusini, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Picha hujibu maswali mawili: Kitu kiko wapi? Kina ukubwa gani? Kwa matiti iko eksirei ya pekee, ingawa kwa wanawake vijana altrasaundi mara nyingi huonyesha vizuri zaidi kwa sababu matiti yao yana nyama nzito. Kwa umio, tumbo na utumbo mpana, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera, na anaweza kuchukua kinyama papo hapo.

Lakini kivuli ni kivuli. Kivuli katika mapafu chaweza kuwa kifua kikuu, nimonia, au saratani. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu ni kingi, wako wagonjwa wa saratani ya mapafu waliotibiwa kifua kikuu kwa miezi mingi kwa kuwa picha zinafanana. Mgonjwa anayemeza dawa za kifua kikuu bila kupata nafuu arudi aulize: Je, makohozi yalionyesha vijidudu? Kama hayakuonyesha, tutafute nini kingine?

5. Damu je?

Wengi hufika hospitali wakisema, "Nipimeni damu nijue kama nina saratani." Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachojibu swali hilo kwa saratani zote. Kwa saratani ya damu yenyewe, ndiyo, chembe mbaya huonekana katika damu na katika uboho unaotolewa kwa sindano mfupani. Kwa nyingine, damu husaidia tu.

Chukua mfano wa tezi dume. Kipimo cha damu kiitwacho PSA kikipanda huleta shaka, lakini hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni na kwa maambukizo. Kwa hiyo daktari hupima pia kwa kidole, na shaka ikibaki huchukua vinyama kwa sindano. Wazee wenzangu, kipimo cha kidole huchukua muda mfupi sana. Aibu yake hudumu dakika moja. Saratani iliyofika mifupani maumivu yake hudumu usiku na mchana.

6. Kinyama katika maabara

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Kinyama huweza kuchukuliwa kwa njia kadhaa. Sindano nyembamba huvuta chembe chache. Sindano nene hutoa kipande chembamba kama kijiti cha kibiriti. Au daktari hukata sehemu ya uvimbe, ama uvimbe wote kama ni mdogo. Kwa sindano nene na kwa kukata, sehemu hutiwa ganzi kwanza.

Kinyama hutumbukizwa katika fomalini ili kisioze. Maabara hukikausha maji, hukipenyeza nta iliyoyeyushwa, na nta ikiganda hukatwa kwa wembe wa mashine vipande vyembamba mno, vya unene kama sehemu nne za elfu moja za milimita. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Vipande hupakwa rangi. Mojawapo ya rangi hizo hutoka katika moyo wa mti unaoota Amerika ya Kati, nayo hutia buluu kiini cha chembe. Nyingine hutia waridi sehemu iliyobaki.

Ndipo daktari wa patholojia huketi kwenye hadubini. Huuliza: Viini ni vikubwa kupita kiasi? Chembe zimepangwa vizuri au zimevurugika? Nyingi zinagawanyika? Zimevuka mpaka na kuingia jirani? Kutokana na hayo huandika jibu: si saratani, au ni saratani, na ni ya aina gani.

Kazi hiyo haimaliziki kwa saa moja. Mara nyingi jibu huchukua wiki moja au mbili, na zaidi pale kinyama kinaposafirishwa mbali, kwa kuwa madaktari wa patholojia ni wachache. Kuchelewa si dalili ya jibu baya. Lakini kutofuatilia jibu ni sawa na mwanafunzi aliyefanya mtihani asiende kusoma matokeo.

7. Funzo kutoka Kampala

Ili tuone kwa nini hadubini ni ya lazima, tusikie habari iliyotokea jirani zetu Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye kidogo, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa taya pamoja na uvimbe tumboni. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali. Akagundua kwamba watoto wengi wa namna hiyo walikuwa wameandikiwa magonjwa mbalimbali: huyu wa mfupa wa taya, huyu wa figo, huyu wa jicho.

Aliandika habari hizo mwaka 1958. Madaktari wa patholojia wa Kampala walipotazama vinyama, akiwemo Mmarekani George O'Conor, waliona kwamba chembe zilikuwa za aina moja, nao ulikuwa ugonjwa mmoja wa chembe za mitoki. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilometa zipatazo 16,000 katika nchi za Afrika, wakiuliza ugonjwa huo unapatikana wapi. Leo unaitwa kwa jina lake.

Faida yake ilikuwa nini? Kabla ya hapo watoto walikatwa taya, wakafa. Ilipojulikana ugonjwa ni upi, na dawa zilipojaribiwa huko Kampala katika miaka ya 1960, uvimbe uliyeyuka kwa watoto wengi na baadhi yao wakapona kabisa. Jicho lilisema magonjwa mengi, hadubini ikasema mmoja, na matibabu yakabadilika.

8. Je, kisu huamsha saratani?

Hili ndilo neno linalowakimbiza watu. Husemwa, "Fulani alikuwa mzima, wakamkata, ukasambaa, akafa." Tulichunguze kwa haki. Wagonjwa wetu wengi hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Kinyama huchukuliwa mwezi wa kwanza, mgonjwa hufariki mwezi wa nne, nasi tunahesabu kuanzia siku ya kisu. Hatuhesabu mwaka mzima wa kukandwa kwa majani. Aliyemwona mzima alimwona kwa nje tu.

Ni kweli kwamba ziko sehemu chache ambazo madaktari huwa waangalifu. Kwa korodani, kwa mfano, hawachomi sindano. Huiondoa nzima kwa njia ya kinena ndipo ichunguzwe. Na saratani ya ini, kwa mtu mwenye ini lililokwisha kunyauka, mara nyingine huthibitishwa kwa picha za pekee bila kinyama. Haya yanaonyesha kwamba madaktari hupima hatari ya kila sehemu kabla ya kugusa. Kwa saratani zilizo nyingi kwetu, yaani za mlango wa kizazi, matiti, umio na tezi dume, hatari ya kuchukua kinyama ni ndogo sana, na hatari ya kutochukua ni kubwa. Dawa za saratani na mionzi ni vitu vikali. Hakuna daktari mwema anayeweza kuvitoa kwa kubahatisha. Na aliye na uvimbe usio saratani naye anastahili kuambiwa hivyo, alale usingizi.

9. Baada ya jibu

Jibu likisema ni saratani, vipimo havijaisha. Daktari atataka kujua imefika wapi, na hapo picha hurudi kazini. Hatua hutajwa kwa namba, ya kwanza mpaka ya nne. Kwa maneno mepesi, ya kwanza ipo mahali pake bado, na ya nne imekwisha kuota mbali. Kwa matiti, kinyama hicho hicho hupimwa tena kuona kama saratani inalishwa na homoni, maana ipo dawa ya vidonge kwa aina hiyo. Tanzania inayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road huko Dar es Salaam, iliyopewa hadhi ya taasisi kwa sheria ya mwaka 1996, na matibabu ya saratani hutolewa pia Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi.

10. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, ukiona dalili, nenda kituo cha karibu, wala usianze kwa kuuliza majirani kumi.
Pili, ukiambiwa kinyama kinatakiwa, uliza: Kitachukuliwaje? Kitapelekwa wapi? Jibu litatoka lini, na nimwone nani?
Tatu, hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kwenye chupa na kwenye fomu, na uweke namba yako ya hospitali mahali salama.
Nne, siku ikifika, fuata jibu. Omba nakala ya maandishi, uitunze kama unavyotunza cheti cha ubatizo.
Tano, jibu likisema hakuna saratani lakini uvimbe unaendelea kukua, rudi. Sindano huweza kukosa mahali penye ugonjwa.
Sita, anayengoja jibu asiachwe peke yake. Mpe nauli kama unayo, au mfuate mkaketi naye kwenye benchi. Tunaweza kumwombea na kumsindikiza hospitali pia. Mambo haya mawili hayagombani.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba anayeyatoa maradhi nje lakini akakataa kinyama ameyaficha nusu.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini kivuli katika picha ya eksirei hakitoshi kuthibitisha saratani?
2. Taja dalili nne zinazompasa mtu kwenda hospitali bila kungoja.
3. Mama ameambiwa siki imegeuka nyeupe. Je, ana saratani? Mweleze kwa maneno yako.
4. Ndugu yako anasema kisu huamsha saratani. Utamjibuje bila kumdharau?
5. Katika mtaa wetu, ni nani aliyepimwa na hajafuata jibu lake? Tutamsaidiaje wiki hii, huku tukiitunza siri yake?